Jiko la Watu Wawili

Binti yangu ndiye aliyelipia. Yuko Dar, ni muuguzi, na simu yake ya kila jioni huanza na swali moja: "Mama, umekula?" Nikisema nimekula, linafuata la pili: "Na nani?" Hapo ndipo nilipojifunza uongo uzeeni. Nimekula na jirani. Nimekula na wateja. Siku moja nikasema nimekula na mama yake mdogo, wakati mdogo wangu yuko Inyonga na asali zake, na tangu mvua zianze hajakanyaga hapa Mpanda.

Ukweli ni kwamba tangu mume wangu afariki, miaka miwili sasa, nakula nimesimama. Sufuria iko jikoni, mimi niko jikoni, kijiko kinatoka humo humo kinaingia mdomoni. Kuosha sahani moja kunaniuma kuliko kuosha kumi. Lakini ningemwambia hayo? Alishasema wazi: "Nikisikia uko peke yako, nakuja kukuchukua." Mimi nikaishi Dar, ghorofani, cherehani yangu nimwachie nani? Thubutu! Jirani yangu, mama wa Kifipa tunayesali naye jumuiya moja, alinionya. "We dada, mwambie mtoto ukweli. Mficha uchi hazai." Nikamjibu mimi nimeshazaa, inatosha. Tukacheka, yakaisha.

Sasa hapa mjini kuna hoteli ambayo mwenyewe aliwahi kufanya kazi na Wakorea, akarudi na wazo lao. Kila Jumapili mchana ni choma mwenyewe. Unalipa mara moja, unachukua nyama mbichi kwenye meza kubwa, unaichoma kwenye jiko dogo la mkaa lililotumbukizwa katikati ya meza yako, unakula mpaka useme basi. Watu wanapaita kwa Wakorea, ingawa Mkorea hata mmoja hayumo. Binti yangu aliona tangazo kwenye simu, akalipia huko huko alipo. Akalipia watu wawili, kwa sababu jiko moja ni la kuanzia watu wawili, mtu mmoja hawamkubali.

"Uende na mwenzako, mama," akasema. "Halafu unitumie picha."

Picha! Mtoto huyu si mjinga.

Nikamwalika jirani, akafurahi, nikampunguzia na gauni lake kiunoni. Jumapili, tumetoka tu misa ya pili, akapigiwa simu: wifi yake amefariki Karema. Akajifunga kanga, akaenda kutafuta gari. Msiba haushindani na nyama. Nikabaki barabarani na kitenge changu kipya, nawaza nani mwingine nimwambie twende tukale. Wanaonisalimia ni wengi, nusu ya mji huu nimewashonea. Wa kumwambia twende tukale sikumpata. Nilisimama pale mpaka nikaona aibu, nikaenda peke yangu.

"Karibu mama, mko wangapi?" dada wa mlangoni akauliza.

"Wawili."

"Mwenzako?"

"Yuko njiani."

Akaniwekea kila kitu kwa wawili: sahani mbili, glasi mbili, vijiti vya chuma vya kulia jozi mbili. Halafu akaweka mkasi. Mkasi! Mimi fundi cherehani miaka thelathini, mwanangu alikuwa akikatia karatasi mkasi wangu tunagombana mpaka majirani wanakuja, leo naambiwa nikatie nyama?

"Ndiyo utaratibu wao, mama," akasema. "Na usibakize. Ukibakiza unalipia."

Nyama yenyewe wameikata nyembamba hata huoni cha kutafuna. Kuna kabichi waliyoichachisha na pilipili. Nikaionja, machozi yakanitoka, nikashukuru kupata sababu. Kuna majani ya saladi ambayo kumbe ni ya kufungia nyama, unatengeneza tonge unatia mdomoni. Sikujua. Niliyala yote mwanzoni, makavu, kama mbuzi. Na kuchoma sikuwa nimechoma maishani mwangu. Kwetu nyama ya kuchoma ilikuwa ya baba watoto. Mimi kazi yangu ugali na kachumbari, yeye uani na moto wake, hataki mtu auguse, hata kuupuliza hataki. Nikaweka vipande, nikageuka kutazama mlango kana kwamba kweli nangoja mtu, kurudi ni mkaa mtupu. Nikaweka vingine. Vilipoiva nikagawa, viwili kwangu, viwili sahani ya pili. Mkono ulifanya wenyewe. Nilipoona nilichofanya, nikakaa tu nautazama moto.

Meza ya pembeni yangu walikuwa watu sita: baba, mama, wasichana watatu na bibi yao. Wasukuma. Msichana mkubwa alikuwa anaondoka kesho yake kwenda chuo, na walikuwa wamekuja kumuaga. Wanaongea Kisukuma, wanacheka, wananyang'anyana nyama, bibi anamchapa mmoja kofi la mkono, wanacheka tena.

"Karibuni chakula," nikawaambia, kwa adabu.

"Asante mama, na sisi tunakula," akajibu baba.

Ndivyo inavyojibiwa. Karibu ya chakula, kwa watu mnaopishana tu, ni salamu. Unashukuru, unasema nimeshiba hata kama tumbo linalia, unapita. Anayekaa kweli ni mtoto ambaye hakufundishwa.

Baada ya muda yule baba akaniona nimeacha kula. Akageuza kichwa, akasema, "Mama, karibu huku."

Jibu nalijua. Nimelijibu tangu sina meno. Asante baba, starehe. Lilikuwa hapa ulimini. Badala yake nikasimama, nikamimina sahani ya pili kwenye ya kwanza, nikaibeba na glasi yangu, nikaenda.

Jamani! Mkasi wa yule baba ulisimama hewani. Wasichana wakatazamana. Mke wake ndiye aliyewahi kujikusanya. "Eeh, karibu mama, karibu sana. Sogeeni nyie!" Wakasogea. Mmoja akaenda kuniletea kiti kutoka meza yangu, nikakaa kati yake na bibi.

Kisukuma kikaisha pale pale. Wakahamia Kiswahili kwa ajili yangu, na kwa Kiswahili hawakuwa na mengi. Waliniuliza mvua. Waliniuliza kushona sare za shule. Nikamuuliza msichana anakwenda kusomea nini, akasema uhasibu, akarudi kwenye nyama yake. Masikio yaliniwaka moto. Nilijua nimekosea, nilijua kabisa, na sikuinuka. Bibi ndiye hakujali. Alikuwa ananichomea, ananiwekea, ananichomea, bila neno. Nilikula nimekaa. Nilikula mpaka nikalegeza kitenge. Nilikuwa na aibu na nilikuwa na raha, vyote pamoja.

Haikupita muda baba akatazama saa. "Mama, sisi tunatangulia. Wewe endelea, usiwe na haraka." Wakaamka wote, wakanipa mikono mmoja mmoja, wasichana wakapiga goti kidogo, watoto wenye malezi. Hawajafika getini nikasikia kicheko kimerudi, na Kisukuma chake. Sikuwalaumu. Niliwalaumu kidogo.

Nikabaki na ile meza. Sahani saba, glasi saba, vijiti vimetapakaa, jiko bado linatoa moshi. Nikatoa simu, nikapiga picha, nikahakikisha zote zimeingia. Nikamtumia binti yangu na maneno haya: Umeona? Tulikuwa saba. Wala sikudanganya.

Akapiga hapo hapo.

"Jamani mama! Kumbe una watu wote hao!" Alikuwa anacheka, kisha nikamsikia anashusha pumzi. "Mama, ngoja nikuambie kitu. Nilikuwa nimeomba likizo. Wiki mbili. Sikuwa nakuja kukuchukua, wala usiogope. Nilitaka nije tukae tu, tupike, tule. Nilitaka nikushtukize. Kesho nilikuwa nakata tiketi."

"Ehe?"

"Basi, nilivyoona picha nimetulia. Hapa kazini tuko wachache, wenzangu wananilalamikia. Nitaisogeza mpaka mwakani. Si huna shida?"

Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kumwambia njoo, mwanangu, njoo kesho, sijui hata majina ya hao watu. Wiki mbili! Niliona meza yangu ya nyumbani ikiwa na sahani mbili, asubuhi na jioni, siku kumi na nne. Dada wa mezani alikuwa amefika na sinia lake, anakusanya vyombo, anapanga sahani moja juu ya nyingine.

"Mama? Mbona umenyamaza?"

"Natafuna," nikamwambia, na mdomoni sikuwa na kitu. "Sawa mwanangu. Wewe fanya kazi."