Mtungi wa Kitanda cha Sita
Mama wa usafi katika wodi ya akina Mirriam alikuwa na viganja vilivyochubuka kwa jiki. Kila asubuhi aliingia na mtungi wa maji kutoka nyumbani kwake mtaa wa Tudor, maana mfereji wa wodi ulikauka tangu Jumatatu na wakubwa wakaona dawa ya spiriti ya kupaka mikononi yatosha. "Yatosha nini?" alinung'unika, akisugua vyuma vya kitanda cha tano, cha mgonjwa aliyeharishwa na kidudu cha tumboni. Mirriam, wa kidato cha tatu, aliyepasuliwa kidole tumbo na kulazwa kitanda cha sita, alimuuliza kidudu hicho chaishije. "Dawa zako za kuua viini zimeua wadudu wema tumboni, mwanangu, chakula chao kimebaki hakina mwenyewe. Hicho kikiingia, hula kikashiba, kikatema sumu. Na mbegu zake hazifi kwa spiriti, mpaka uzioshe kwa maji na sabuni zitoke."

Daktari wa zamu akamaliza kumpima mgonjwa wa kitanda cha tano, akajipaka dawa, akanyoosha mkono ampapase Mirriam tumbo. Mpini wa mopu ukakingama kati yao.

"Nimeshapaka, mama."

"Nimekuona."

Mama akamshikia beseni na sabuni, akamnawisha kwa maji ya mtungi kama mgeni wa pilau, ila uso hakuulegeza. Daktari akataka kuivuta mikono.

"Na kucha, baba," mama akasema, akizidi kumimina.