Sumaia na Injini ya Kulia

Sumaia binti Abdurremane alikuwa mwanamke wa kwanza kuamrisha ndege kwa mikono katika kiwanja cha ndege cha mji ule, na mpaka leo hajatokea wa pili. Alizaliwa Mbau, akasoma mpaka darasa la nne, akaolewa, akaachwa, akakaanga mihogo. Mafundi waliokuja kutia lami kiwanja walikula mihogo yake mpaka wakamzoea, wakampa ufagio. Kutoka ufagio akapanda kuchemsha chai. Vita vilipokuja watu wakakimbia, yeye akiwa mmojawapo, na waliporudi ikaonekana yule bwana mwenye vibao vyekundu vya kuongozea ndege hakurudi. Wakubwa wakatazamana. Sumaia akasema, "Nimemtazama miaka mitatu nikiwa na birika mkononi. Nipeni hivyo vibao." Wakampeleka Pemba, mji mkuu wa jimbo, kwa siku tano, akarudi na cheti na fulana ya manjano inayomfika magotini.

Watu walimcheka. "Bibi wa vibao," walimwita sokoni. Yeye akawajibu, "Rubani mwenye mabega ya dhahabu nikimwambia simama anasimama. Wewe mumeo anakusikia?"

Lakini msimwonee wivu. Mji ule una milango mitatu. Barabara, mpaka msafara wa tropa, wanajeshi, uende nawe. Bahari, mpaka upewe karatasi. Na ndege, mpaka jina lako liwe kwenye orodha. Funguo za milango yote mitatu ziko mifukoni mwa watu wengine. Sumaia aliona ndege zikija na kuondoka mara tano kila wiki mbili, na tangu zile siku tano za Pemba hakuwahi kupanda hata ngazi ya ndege.

Asubuhi ya siku yenyewe, mkuu wa kiwanja, Jorge, mtu wa Maputo aliyehamishiwa huku na ambaye alihesabu siku zake kama mfungwa, alimwita.

"Dona Sumaia, ndege ya leo ina kilema. Injini ndogo ya mkiani imekufa. Kwa hiyo rubani ataiacha injini ya kulia ikinguruma muda wote. Watu na mizigo, kushoto tu. Umeelewa?"

"Nimeelewa, chefe."

Na kweli alielewa, kwa sababu alikwisha kufundishwa na Hermínio, fundi anayesafiri na ndege ile. Siku moja Hermínio alikuwa anakula mihogo kivulini mwa bawa, Sumaia akamuuliza kwa nini ndege haipigwi kiki kama pikipiki.

"Mama, injini hii haiamshwi kwa kiki. Inaamshwa kwa hewa. Unaipulizia hewa nyingi, panga zake zianze kuzunguka, zikishika kasi ndipo unatia mafuta na cheche. Baada ya hapo inavuta pumzi yenyewe."

"Na nani anampulizia?"

"Injini ndogo ya mkiani. Au mashine ya hewa iliyo chini, kama kiwanja kinayo. Au mwenzake: injini moja ikiwa hai inaichotea ya pili hewa kwa bomba linalopita tumboni mwa ndege."

"Anamchotea hewa? Kutoka wapi?"

"Injini ni kama mvukuto wa mhunzi. Mbele inavuta hewa, inaiminya, inaiminya, mpaka inakuwa moto kabla hata mafuta hayajaguswa. Pale ndipo tunapochota kidogo. Hiyo ndiyo inayoamsha injini nyingine, ndiyo inayopasha mabawa yasigande barafu huko juu, ndiyo wanayopumua abiria, baada ya kupozwa."

"Astaghfirullah! Abiria wanapumua moshi wa injini?"

"Si moshi! Inachotwa kabla ya mafuta kuwaka."

Sumaia akafikiri, akasema, "Kama kumchotea mgonjwa mchuzi kabla hujatia pilipili."

Hermínio akacheka mpaka muhogo ukamtoka. Tangu siku hiyo akawa anamwita mhandisi.

Basi hakuwa mjinga wa mambo yale. Lijulikane hilo.

Ndege ikatua saa nne. Sumaia akaileta mpaka kwenye alama, akapishanisha vibao juu ya kichwa, ikasimama. Injini ya kushoto ikazimwa, ya kulia ikabaki inalia. Abiria wakashuka. Kisha mlango wa mizigo wa nyuma ukafunguliwa, na kutoka humo wakaanza kumteremsha mzee Hassane wa Nhica do Rovuma, aliyefia hospitali Pemba baada ya wiki mbili za kuomba arudishwe kwao.

Jamaa sita walikuwa wamepewa ruhusa ya kuingia ndani ya uzio. Mbele yao alisimama mwanawe, Aiuba, kijana wa miaka ishirini na mbili, kanzu ya kuazima. Walipoweka jeneza mabegani, mwalimu wa msikiti akafungua mikono asome Fatiha. Midomo yake ikacheza, sauti hakuna. Injini iliimeza yote. Akapandisha sauti, ikamezwa nayo. Wale jamaa wakaangaliana, hawajui kama waitikie amina au bado. Aiuba akageuza shingo, akamtazama Sumaia. Alimtazama tu kama mtu anavyomtazama mwenye nyumba.

Sasa, huku kwetu maiti hapitishwi penye kelele. Redio huzimwa. Muuza kaseti huzima. Mwenye mashine ya kusaga, hata kama foleni ya wanawake imefika barabarani na vikapu vichwani, huzima mashine yake mpaka jeneza lipite kona, kisha anaiwasha tena kwa mkono. Sumaia tangu mtoto hajaona mashine ikinguruma juu ya maiti. Mkono wake ukaenda wenyewe. Ukapita shingoni, kushoto kwenda kulia: zima.

Rubani mkuu, kapteni Osvaldo, alikuwa chini, anasimamia mlango wa mizigo. Juu kitini alibaki msaidizi wake, Ivânia, binti wa Nampula, mwaka wake wa kwanza kazini. Kwa marubani mkono ule shingoni maana yake ni moja: kuna mtu anaelekea kumezwa na injini, zima kwanza, uliza baadaye. Ivânia akazima.

Injini ikashuka sauti, ikashuka, ikawa filimbi, ikawa kimya. Lo, kimya kile! Fatiha ikasikika hadi kwenye uzio. Watu wakaitikia amina, jeneza likaondoka taratibu, na machozi yakamtoka Sumaia kwa uzuri wa jambo lile.

Kisha akamwona Osvaldo anakuja, na hapo ndipo akakumbuka kwamba injini ya mkiani imekufa, hakuna wa kuamsha.

"Nani kazima? Nani?"

"Nilipewa ishara, kapteni!" Ivânia alipiga kelele kutoka dirishani.

Hermínio akashika kichwa. "Mna mashine ya hewa hapa?"

"Tuna jenereta," alisema Jorge.

"Jenereta ni umeme! Ninao umeme. Nataka upepo."

Sumaia akajaribu. "Fundi wa matairi pale njia panda ana mashine ya upepo."

"Mhandisi wangu," alisema Hermínio, na safari hii hakucheka, "ile inajaza tairi la lori kwa robo saa. Mimi nataka hewa ya kujaza chumba kizima kwa muda wa kupiga chafya moja."

Basi ndege ikakaa pale, chuma kizuri, mafuta tele, haina pumzi. Bandani abiria thelathini na mmoja wa kwenda Pemba walikuwa wamekwisha kupekuliwa, na aliyepekuliwa haruhusiwi kutoka mpaka apande au orodha ifutwe. Orodha ilifutwa saa kumi. Saa sita nzima walikaa chini ya bati. Sumaia alipowapitishia maji, mwanamke mmoja mnene akamwambia, "Mwenzangu, marehemu wako yuko njiani kwenda kupumzika. Na sisi tulio hai utatuzika lini?"

Hakuna aliyecheka sana.

Jorge alimwita ofisini, akafunga mlango. Mezani palikuwa na karatasi iliyokwisha kuandikwa.

"Dona Sumaia, mimi sitaki kukupoteza. Kosa la kuzima kwa sababu ya sala ni la kufukuzwa, halina mjadala. Lakini kama ulizima kumwokoa mtu, hilo si kosa, ni kazi. Nimeandika kwamba yule kijana, mtoto wa marehemu, aliikimbilia injini. Wewe ukamwona ukazima. Tia sahihi."

"Aiuba hakukimbilia kitu. Miguu yake ilikuwa kushoto, chini ya jeneza la baba yake."

"Nani atamuuliza?"

Sumaia akalirudia moyoni. Nani atamuuliza? Ndiyo hasa, hapana atakayemuuliza. Kijana wa Nhica, kutoka mpakani ambako kila kijana hushukiwa kuwa mwasi, ndevu ndiyo kwanza zinaota, na karatasi ya serikali inasema alikimbilia ndege. Yuran, mtoto wa dada yake, alikutwa tu amesimama karibu na mnara wa simu akitafuta mtandao. Alichukuliwa na tropa, akarudi baada ya miezi minne, na tangu arudi hukaa na uso ukutani. Yeye hakuandikwa popote. Huyu ataandikwa jina na la baba.

"Chefe, andika kwamba nilizima kwa sababu ya kelele."

"Unajua maana yake?"

"Najua. Nitakaanga mihogo."

"Mihogo utamkaangia nani? Mafundi waliondoka." Jorge akasukuma kalamu. "Una mama mgonjwa wa kuangalia. Una Yuran. Fikiri. Mashine ya hewa inakuja kesho na ndege ya mizigo. Mpaka hapo usitoke ndani ya uzio. Nataka sahihi mkononi kabla sijaondoka kwenda Pemba kujieleza."

Akaachwa kwenye stoo ya vibao, pamoja na mifagio. Dirisha lake lilitazama ndege. Kulikuwa na joto la tanuri, na kila alipofikiri upande mmoja aliona ukuta. Akitia sahihi, anamfunga Aiuba. Asipotia, anaifunga nyumba yake. Akasema moyoni, mkono huu bora ungekatika kabla. Kisha akakumbuka ile Fatiha ilivyosikika, akaona hata hilo hawezi kulitaka kwa moyo wote.

Asubuhi ndege ya mizigo ikaleta mashine ya hewa, lundo la chuma juu ya magurudumu manne. Kabla haijateremshwa Sumaia aligonga mlango wa Jorge.

"Lete karatasi safi. Andika: Mimi Sumaia Abdurremane niliamuru injini izimwe ili maiti asomewe Fatiha. Hakuna mtu aliyekuwa hatarini. Msaidizi wa rubani hakukosea, alitii ishara. Aiuba Hassane alikuwa chini ya jeneza. Nukta."

"Dona Sumaia..."

"Nisomee ulichoandika. La, nipe nisome mwenyewe. Darasa la nne sikwenda kufagia."

Akasoma, kidole chini ya kila neno, akatia sahihi. Ile karatasi ya kwanza akaichana vipande vinne, akavitia ndani ya fulana yake. Jorge akasimama. Akanyoosha mkono, akamvua shingoni crachá, kile kitambulisho chenye picha, akakitia kwenye bahasha pamoja na maungamo yake, akailamba, akaifunga.

"Hakuna mwingine anayejua ishara," alisema. "Iondoe hii ndege. Kisha uende nyumbani."

Wakaunganisha bomba nene kama paja kwenye tumbo la ndege. Mashine ya hewa ikanguruma, bomba likavimba kama chatu aliyemeza mbuzi. Sumaia alisimama mbele, akazungusha mkono hewani: anza. Akasikia panga za injini ya kulia zikijivuta kivivu, zikishika mbio, kisha mvumo wa moto. Hermínio akachomoa bomba, akakimbia nalo. Sasa ya kulia ikaanza kumpulizia mwenzake, na ya kushoto ikaamka bila kuguswa na mtu. Juu, Ivânia aligusa kofia yake kumsalimu. Abiria wale wale walikwisha kupanda, yule mnene katikati yao, na Jorge na bahasha yake nyuma kabisa. Sumaia akawapa njia kwa vibao vyote viwili.

Ndege ilipopotea juu ya mikoko, akaviweka vibao stooni, akaikunja fulana, akaenda getini. Mlinzi Cosme, Mmakonde mpole anayefuata sheria kama misale ya kanisani, alisimama mlangoni.

"Crachá, mama."

"Cosme, unanijua miaka sita."

"Nakujua, mama. Lakini hapa haingii wala hatoki mtu bila crachá. Jana nilikusajili umeingia nayo. Lazima nione ukitoka nayo, au barua ya chefe."

"Chefe kanifukuza."

"Pole sana. Amekupa barua ya kukufukuza?"

"Ameondoka nayo. Ameondoka na crachá. Yuko angani, mwanangu, anapumua hewa ya injini niliyoiwasha mimi."

Cosme akakuna kichwa. "Atarudi lini?"

"Alhamisi, akipata nafasi."

"Mimi nina watoto, mama Sumaia. Wakinikuta nimemtoa mtu bila karatasi..."

Sumaia akafungua mdomo ampe maneno yake, yale ya sokoni. Akamtazama usoni, akayameza. Akaketi juu ya tofali, ndani ya uzio, mgongo kwenye nguzo ya geti, akanyoosha miguu.

"Basi fungua daftari lako," alisema. "Andika: mwanamke mmoja aliingia. Hajatoka. Na uniletee maji."