Mche katika Debe Zima

Efrazia wa Manundu alikuwa mwanamke wa kanisani, mwenye rozari shingoni na sauti iliyotangulia za wenzake katika kwaya, na nyuma ya nyumba yake, baina ya ukuta wa jiko na ua wa mabua, alikuwa akilea mche mmoja wa bangi.

Mambo hayo mawili hayakupatana, naye alilijua hilo pengine kuliko yeyote ambaye angemhukumu. Lakini Kasmiri, mumewe, alikuwa hali chakula. Tangu kiangazi kianze tumbo lake lilikuwa limekataa ugali, likakataa uji, likakataa hata mchuzi mwepesi wa kuku. Daktari alimpapasa kwa muda mrefu, kisha akamwambia Efrazia ampe mgonjwa chochote atakachokitamani. Kasmiri hakutamani kitu. Mwili uliotoka Msumbiji enzi za manamba, ukakata mkonge tangu ujana hadi mwaka ule serikali ilipoyachukua mashamba makubwa, sasa ulilala kwenye kitanda cha kamba bila kukibonyeza.

Mbegu zililetwa na jirani yake, Hamisa, Mzigua wa Sindeni, zikiwa zimefungwa katika pindo la kanga. Kwao Sindeni, alisema, majani yale walipewa kuku wakati wa kideri, na kuku aliyekwisha kulaza shingo aliinuka akadonoa.

"Mume wangu si kuku, Hamisa."

"Angekuwa kuku ungekwisha kumla. Panda, mama Ponsiano. Ukiona haya, ufunike na kitenge."

Akapanda. Hakupanda ardhini, kwa kuwa balozi wa nyumba kumi alikuwa na desturi ya kupita uani akisalimia, na mche wa ardhini haubebeki. Alipanda katika debe lake la maji, ili mgeni akibisha hodi aweze kuliburura ndani. Mche ulipokomaa, jioni ya kwanza Kasmiri alivuta mara chache katika kiko chake cha udongo, akakohoa, akatulia; na baada ya kitambo aliomba chakula. Hakula sana. Lakini alikula, na Efrazia, aliyekuwa amesimama mlangoni akijifanya anachambua mchele, alipata usingizi usiku huo.

Kisha mvua za vuli zikaingia, na mche ukaanza kuugua.

Majani ya chini yaligeuka njano, yakadondoka. Ya juu yalilegea, mazito, kama masikio ya mbuzi aliyelowa. Efrazia aliona yamelegea, akadhani ni kiu, akamwagia maji. Yakalegea zaidi. Alinyunyiza jivu, kama afanyavyo kila mwenye mchicha. Alipaka maji ya sabuni chini ya majani, akitafuta wadudu asiowaona. Aliongeza samadi ya mbuzi. Hamisa alikuja, akauzunguka mche mikono kiunoni, akatoa hukumu yake.

"Jicho hilo. Kuna mtu ameutazama."

"Nani autazame, na mimi naufungia ndani kama mwali?"

"Basi ni kanisa lako. Unauombea vibaya."

Walicheka, lakini majani yaliyofaa kuchumwa yalikuwa yamebaki machache mno, na Kasmiri alikuwa tena ameanza kuisukuma sahani kwa kidole kimoja, polepole, kwa adabu, kana kwamba anaogopa kuiumiza.

Katika Manundu nzima mtu mmoja tu ndiye aliyesomea maradhi ya mimea, naye alikuwa Hiza, bwana shamba, kijana wa Kishambaa aliyekuja kwa baiskeli kuwafundisha akina mama kupanda kwa mistari katika shamba lao la pamoja. Alikuwa mtumishi wa serikali. Kumwuliza yeye kulikuwa sawa na kujipeleka kituoni. Efrazia aliliwaza jambo hilo akiwa mgongo umeinama na jembe mkononi, na wenzake walipoondoka akabaki nyuma, akijifuta udongo ambao haukuwapo.

"Bwana shamba, nina mnyanya wangu nyumbani. Unaumwa."

"Pole, mama. Umekuwaje?"

"Unakuwa njano."

"Unaanzia juu au chini?"

"Chini."

"Mchana majani hulala? Na jua likitua huinuka?"

"Hulala mchana, hulala jioni, na asubuhi nayakuta yamelala. Mimi naumwagilia tu."

Hiza aliegemeza baiskeli kwenye kiuno chake. Ilionekana ameanza kulifurahia swali hilo. "Wenye kiu huamka jioni, mama. Usioamka una jingine. Geuza jani: kuna utando, au vidoadoa kama umechomwa sindano?"

"Hakuna. Nimetafuta mpaka macho yameuma."

"Jani lenyewe lina umbo gani? Limejikunja?"

Efrazia, ambaye hakuwa na mazoea ya kusema uongo na kwa hiyo hakujua mahali pa kuusimamisha, aliunyosha mkono wake mbele ya kijana yule na kuvitanua vidole. "Hapana. Lipo hivi hivi, limenyooka, ila vidole vyote vinaangalia chini."

Ng'ambo ya shamba mwanamke mmoja alikuwa akimwita mbuzi wake.

"Mama," Hiza alisema, "mnyanya wa vidole sikuusoma chuoni."

Efrazia alihisi uso wake ukipata moto. Alifikiri kukimbia; alifikiri kucheka. Mwisho alisema kweli, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu. "Ni wa baba Ponsiano. Bila huo hali. Sikutafuta starehe, mwanangu. Nataka ale."

Kijana aliitazama kengele ya baiskeli yake kama aliyeiona kwa mara ya kwanza. "Mimi ni mtu wa serikali, mama. Nikiuona, nimeuona, na nikishauona nina wajibu. Kwa hiyo sitakuja kwako, na wewe hutanionyesha." Akashika usukani. "Tuendelee na mnyanya. Umepandwa ardhini?"

"Katika debe."

"Udongo wake unanuka?"

"Kama matope ya mtoni. Na kuna vijidudu vyeusi vinaruka nikiugusa."

"Hilo debe umelitoboa matundu chini?"

"Matundu!" Efrazia alisahau hofu yake yote. "Debe langu? Debe zima, halijawahi kuvuja hata tone, nilitoboe?"

"Ndilo linaloua, mama. Mvua inaingia na haina pa kutokea, na wewe unaongeza. Mizizi inazama. Mtu anayezama hatumpi maji." Alipanda baiskeli, kisha akashusha tena mguu mmoja. "Ulitoboe chini na pembeni. Halafu usichume hata jani mpaka mnyanya ulete machipukizi. Na usiniambie kama umepona."

Njiani Efrazia hakuona mtu. Ingekuwa rahisi kusema kwamba alilionea uchungu debe kwa sababu ya thamani yake, maana debe zima lilikuwa heshima ya mwanamke: ndilo la kuchotea maji, ndilo la kupimia mahindi, ndilo lililoazimwa kwenye harusi. Lakini sababu yake haikuwa hiyo. Siku alipopanda, alijiambia kwamba hiyo ni ya muda tu. Kasmiri akipona atang'oa mche, atalisugua debe kwa mchanga, na kurudi nalo bombani. Wanawake wenzake walikuwa wakimtania: "Debe lako bado liko likizo, mama Ponsiano?" Naye alijibu, "Likizo yake inakwisha." Debe lililotobolewa halirudi bombani. Alikuwa ameuacha mche uzame katika maji yale kwa sababu hakutaka kukiri jambo ambalo hata daktari hakulitamka.

Nyumbani alitafuta msumari, akaokota jiwe, akaliinamisha debe. Akapiga. Bati lilibonyea, halikutoboka. Akapiga tena.

"Mama Ponsiano!" Sauti ya Kasmiri ilitoka ndani, nyembamba. "Unagonga nini huko?"

"Natoboa debe."

"Debe lipi?"

"Langu."

Alisikia kitanda kikilia, kisha fimbo sakafuni, kisha pumzi. Kasmiri akatokea kwenye mlango wa uani, mahali ambapo hakuwa amefika kwa majuma mengi, akaketi kizingitini kama mtu anayeshushwa na wengine.

"Lete hapa. Unalishika kama mtu anayeshika nyoka."

Alilikumbatia debe kwa magoti, pamoja na mche wake uliolegea, na kuushika msumari kwa ile mikono iliyokuwa imejaa makovu ya miiba ya mkonge. Efrazia akapiga. Jiwe lingeweza kumponda vidole, lakini hakuviondoa. Tundu la kwanza lilipopatikana maji yalitoka meusi, yenye harufu nzito, yakapita juu ya miguu yao wote wawili, yakaendelea kutoka kwa muda ambao haukuelekea kwisha.

"Kumbe yote hayo yalikuwamo," Kasmiri alisema.

"Yalikuwamo."

"Utachotea nini maji?"

"Hamisa ataniazima lake."

"Na mimi nikipona?"

Efrazia aliinua macho. Akakutana na uso wa mumewe, uliokuwa ukimtazama kwa upole mkubwa, bila kusubiri lolote. Akaelewa kwamba Kasmiri alikuwa amejua siku zote, na kwamba alinyamaza ili yeye aendelee kulitunza debe lake.

"Tutoboe la pembeni," akasema Kasmiri.

Walipomaliza, Efrazia alimweleza maneno ya bwana shamba, kwamba majani yasichumwe, na mwenyewe akaongeza kwamba huenda mche usipone kabisa. Leo hakuna kiko, wala kesho. Kasmiri aliitikia kwa kichwa.

"Wewe umekula?"

"Nitakula."

"Unakula wapi siku hizi? Sikuoni."

Efrazia alikuwa akila amesimama jikoni, amefunga mlango, ili harufu isimsumbue mgonjwa. Hakuwa amemwambia hilo. Na kabla ya ugonjwa pia, katika miaka yao yote, yeye alikula jikoni na mume alikula barazani na wanaume wenzake, kama watu wote.

"Lete sahani yako hapa," Kasmiri alisema. "Nataka nikuone unakula."

Akaleta ugali na kisamvu, akaketi chini karibu na kizingiti, miguu yake ikiwa bado na lile tope jeusi. Alianza kula kwa haya, kama bibi harusi aliyetazamwa na wakwe. Mume wake alimtazama. Baada ya muda mkono mwembamba ulishuka kutoka juu, ukamega kipande kidogo pembeni mwa sahani yake, ukakichovya, ukapanda nacho.

Efrazia hakuinua macho. Aliendelea kutafuna polepole, akimsikiliza na yeye akitafuna, na taratibu akaisogeza sahani, kidogo tu, upande wa mumewe.