Saa ya Jumapili

Bwana yangu ni mzee wa kanisa hapa Rubondo, na saa yake ya mkanda wa ngozi anaivaa Jumapili tu. Siku nyingine anaifunga ndani ya leso na kuiweka sandukuni, eti jasho la shamba litaozesha ngozi. Kila Jumapili anaikuta imesimama. Mara mbili aliivaa akaipeleka kwa fundi Mbarara, na mara zote mbili barabara iliitikisa hata akafika inatembea vizuri. Mara ya tatu nilikwenda naye. Fundi alikuwa amechoka.

"Mzee, hii saa haina betri. Mkono ndiyo inaendesha. Wewe vaa kila siku."

Nikadhani yamekwisha. Njiani kurudi bwana yangu akasema, "Mama watoto, siwezi kulima na saa ya ngozi. Batu batanicheka."

Basi sasa ninaivaa mimi. Jumatatu hadi Jumamosi napalilia maharage nayo, natwanga sombe ya majani ya muhogo nayo. Jasho langu, inaonekana, haliozeshi ngozi. Jumapili asubuhi ananinyooshea mkono nimfungie, kisha anaitazama na kuniuliza kwa nini kila wiki nachelewa ibada.