Wino wa Dalali

Dalali mmoja aliishi kwa mdomo wake. Aliuza vitanda, majokofu mabovu, mazulia ya wapangaji waliotoroka, mara moja hata jeneza lililokosa mwenyewe. Alikuwa na sauti ya kumtoa mtu bafuni akiwa bado na sabuni kichwani. Basi maradhi nayo yakamwendea palepale, kooni. Madaktari wakamkata, wakaondoa walichoondoa, na mkewe akarudishiwa mume mwenye tundu shingoni, kimya kama ukuta.

Vidole navyo vililegea. Kalamu za kawaida zinataka ukandamize, na nguvu hizo hakuwa nazo. Kwenye karatasi ilibaki mikwaruzo tu. Jirani yao, karani mstaafu, akamletea kalamu yake ya zamani, ile ya kujaza wino. Hiyo haina makuu: ukiigusisha tu karatasi, inateleza yenyewe. Ila ilikuwa tupu.

Mkewe akaenda duka la vifaa vya shule. Kwenye rafu ya juu zilipangwa chupa za wino kutoka Ulaya, za kutazama na kupita. Chini kwenye vumbi zilikaa zile zilizotengenezwa India, bei yake mtu anaimudu.

"Usizidharau kwa bei, mama," mwenye duka akamwambia. "Wino ni wino, ila kila mmoja na tabia zake." Akachovya kijiti, akachora kwenye karatasi yake nene. Kila rangi ikapendeza.

Mke wa dalali akatoa mkobani karatasi ya daftari. "Jaribia hapa. Hiyo yako ni ya kadi za harusi. Sisi tunaandikia hii."

Hapo tabia zikajitokeza. Wa kijani ulitambaa kila upande kama maji mchangani. Mwekundu ukapenya mpaka nyuma. Zikabaki chupa mbili, ya wino wa bluu na ya wino mweusi.

"Mweusi huu ukikauka umekauka, hata umwagie ndoo nzima. Bluu unatoka kwa maji."

"Hata kwenye shuka?"

"Hata kwenye shuka."

Akachukua bluu papo hapo. Mgonjwa angeandika akiwa amelala, na mfuaji ni yeye.

Dalali alipoona rangi, neno lake la kwanza tangu akatwe likawa hili: *Bluu? Kwani mimi mwanafunzi?*

"Mweusi utafua wewe?"

Mabega yakamtikisika. Hicho ndicho kicheko alichobakiwa nacho. Tangu hapo nyumba ikapata mwenyewe tena. Aligombana na uji, akautukana mto, akanadi dawa zake kwa maandishi: *Nani anazitaka? Bei ya kutupa!* Mashuka yakawa na madoa, mkewe akayafua, yakatakata.

Kisha ugonjwa ukarudi. Daktari akasema anaweza kumkata tena, lakini hakuahidi kitu, akataka jibu. Kaka wa mgonjwa akaja, mtu wa huruma, ndiye aliyemlea mdogo wake walipoachwa yatima. Dalali akaandika mbele yake: *Nimechoka. Msinikate tena.*

Kaka akaichukua karatasi. "Shemeji, huu ni ugonjwa unaongea. Mdogo wangu namjua mimi." Akaichovya kwenye beseni la maji lililokuwa kando ya kitanda. Bluu ikaachia kama moshi, maneno yakaenda zao. "Kesho tunamwambia daktari amekubali."

Dalali aliona yote. Akafungua mdomo, ukatoka upepo tu tunduni. Akageukia ukutani.

Na mkewe? Moyoni alitaka akatwe. Nani asiyetaka mumewe aishi? Angenyamaza tu, shemeji angemalizia kazi, wala hakuna ambaye angemlaumu. Aliinamia lile beseni akayatazama maji. Halafu akavaa viatu, akarudi dukani.

"Nipe ule mweusi."

Aliisuuza kalamu mpaka maji yakatoka safi, akaijaza, akamwinua mgonjwa. "Sema tena, mume wangu. Ukitaka, andika ndiyo. Hutaki, andika hapana. Nitapeleka hivyohivyo."

Ilimchukua muda mrefu. Herufi ziliegemeana kama walevi: *Msinikate.* Mkewe akapuliza mpaka ukakauka, akapitisha kidole chenye mate. Haukutoka.

Daktari aliisoma, akainua macho. "Na wewe mkewe unasemaje?"

"Yangu usiniulize, daktari. Nikifungua mdomo nitamsaliti."

Kaka alikuwa benchi la nje. Njiani kurudi alitangulia peke yake.

Mgonjwa akabaki nyumbani mpaka mwisho, na mwisho wenyewe haukuwa na huruma. Pumzi zilimkwama; anainuliwa, analazwa, anainuliwa tena. Kalamu ilimponyoka, hakuweza tena kuishika. Yalibaki macho, yanazunguka, na mkewe hakujua kama yanashukuru au yanaomba arudishwe hospitali. Aliuliza. Akauliza tena. Macho yakazunguka vilevile.

Kaka akasimama mlangoni, machozi yamemlowesha kola. "Umeridhika, shemeji?"

"Njoo ushike mabega," akamjibu. "Mimi nashika miguu. Tumgeuze, upande huu umemchosha."