Mate ya Mama Zaina

Na tena, hapana kuniambia eti Mama Zaina alikuwa kichwa ngumu. Kichwa ngumu ni nyinyi munaosema bila kujua. Ule mama alikuwa anaogopa, basi. 

Ilikuwa wakati Wabeleji wanatawala Kongo, karibu na mwisho wao. Mama Zaina alikuwa mujane, Mubangubangu wa Kabambare, mulimaji wa mupunga. Kifua kikuu kilimushika kule kwao. Wakamuchoma sindano, kikohozi kikatulia, na mupunga ulikuwa umeiva. Akaacha sindano, akaenda kuvuna. Nani kati yenu angeachia ndege mupunga wake? Kikohozi kikarudi na damu, na safari hii sindano ikawa sawa maji tu. Wakamupandisha kamyo mpaka Kasongo, kwa binti yake Feza. Dokta wa hospitali akamueleza kwamba mikrobe ya kifua chake imeisha kuzoea sindano. Atamupa vidonge vingine, lakini kwa macho hapana kujua kama dawa inaua mikrobe ama inacheza. Kila mwezi alete makohozi, wayatazame mu mikroskopi. Mpaka yakuwe safi, alale peke yake, mbali na mujukuu.

Mujukuu ni Amisa, mutoto wa Feza, ndiyo kwanza ameanza kukimbia. Mama Zaina akajengewa kajumba nyuma ya lupango, kiwanja cha nyumba ya Feza. Kila jioni mutoto alikuwa analia ku mulango, na yeye ndani analia vilevile, ameziba kinywa na kitenge.

Sasa sikieni. Infirmye, ule muuguzi wa kupokea makohozi, alikuwa Yakubu, na Yakubu ndiye bwana wa Feza. Mukwe wa Mama Zaina.

Munajua kwetu mukwe ni nini. Mama mukwe hali chakula mbele yake. Wakikutana njiani, mukwe anaingia mu majani mpaka mama apite. Kuvuta makohozi toka ndani mbele ya mukwe? Heri utembee uchi sokoni. Basi Yakubu aliweka kikopo chini ku barza ya hospitali, akageuka mugongo. Mama Zaina alikuwa anasikia viatu vyake pale karibu. Makohozi yakapanda, akayameza. Akatema mate, meupe, kidogo, kwa adabu.

Muzee Hemedi, mugonjwa mwenzake, akachungulia akacheka. "Shemeji, hapo unatema ao unabariki maji? Yangu mimi, wakifungua wanakimbia."

Yakubu aliona vizuri kwamba ile ni mate. Lakini mulomo gani utamwambia mama mukwe avute ya ndani? Akafunika, akapeleka. Mikroskopi ikasema hakuna kitu. Mwezi uliofuata, hakuna kitu tena. Dokta akafurahi, dawa imeshika, akaruhusu mutoto alale naye. Feza akachinja kuku, akamuleta Amisa na kamukeka kake.

Watu wote wanacheka, Mama Zaina hacheki. Sababu yeye alijua yale yalikuwa mate. Kila akifunga kitenge, kilikuwa kinamuzunguka zaidi, mwili unaisha. Akisujudu, kifua kinachemka sawa chungu. Alitaka kusema. Akaona Yakubu anachekwa na muji muzima, akaona ndoa ya Feza inavunjika, akanyamaza. Mutoto akilala ku shingo yake, yeye aligeuza uso ku ukuta, anapumua kidogo kidogo sawa mwizi.

Halafu Amisa akakohoa. Muchana, anacheza na muchanga. Mara moja tu, kisha akaendelea kucheza.

Mama Zaina hakungoja. Akatoka na unga wa ugali ku mikono, njia ya hospitali. Yakubu alikuwa anakuja na wenzake, amebeba kitunga cha vikopo. Alipomuona mama, akaingia mu majani sawa desturi. Mama akamufuata mulemule mu majani. Wenzake wakasimama vinywa wazi.

"Mukwe wangu, usigeuke," akasema. "Leta kikopo. Tazama."

Akavuta toka chini kabisa, akajaza. Yalikuwa mazito, na uzi wa damu. Yakubu akatazama, akafunika kikopo.

"Mama, nilijua," akasema polepole. "Yale ya miezi iliyopita yalikuwa mate. Nilikuogopa."

"Na mimi nilikuogopa wewe. Na mutoto, nani alimuogopea?"

Mikroskopi ikaonyesha mikrobe tele. Vile vidonge peke yake havikuweza; dokta akachanganya dawa ingine, na makohozi yakapokelewa na infirmye mwingine. Mama Zaina akarudi mu kajumba kake. Dokta akamusikiliza Amisa kifua, akasema bado hajui, wangoje. Wakangoja. Kila ule mutoto akipiga chafya, lupango muzima ulikuwa unaacha kazi, unamutazama.

Basi wewe unayesoma, achana na aibu. Wakikuomba makohozi, vuta ya kifua, usilete mate. Kama mwenye kupokea ni mukwe wako, waambie wakupe mwingine. Na kama kwenu iko mutoto analala na mwenye kukohoa, mutoe. Leo.