Hinda Hakubahatisha Jibu

Hinda Abdisalam, binti wa wafugaji wa Bute, alijiwekea kanuni alipoingia chuo cha uuguzi Garissa: swali asilolijua haliandikii jibu, kwa kuwa muuguzi anayebahatisha huua. Muhula wa kwanza, anatomia haikumsumbua. Tangu utotoni alikata nyama pamoja na mama yake, na figo aliijua kwa kuishika mkononi. Muhula wa pili ikaja fiziolojia, yaani kazi ya figo hiyohiyo ndani ya mtu aliye hai, na kazi haishikiki. Katika mtihani wa kuchagua jibu aliacha maswali sita wazi, akaanguka kwa kupungukiwa alama mbili.

Kathure, aliyekaa naye chumba kimoja, alimkemea. "Wewe nawe una kichwa kigumu. Ungetia alama popote tu, ungepita."

"Na mgonjwa je, dada? Nimdunge sindano popote tu?"

Kathure alicheka.

Hinda alirudia somo, na safari hii hakuacha swali hata moja, kwa kuwa yote aliyajua. Leo ni muuguzi mjini Eldas, na wazazi humkabidhi watoto wao bila wasiwasi. Wenzake wa chuo walihitimu wakamwacha. Kwa kanuni yake alipoteza mwaka mzima.